Kichocho cha Mwanamke: Maradhi Yasiyoulizwa

Tuwachukue watoto wawili, kaka na dada, waliozaliwa nyumba moja katika shehia moja ya shamba, iwe Unguja au Pemba. Kijito wanachoogea ni kimoja. Bonde la mpunga wanaloshuka pamoja na mama yao wakati wa kupandikiza ni lile lile. Siku moja kaka anakwenda haja ndogo na kuona mwisho wa mkojo wake umegeuka mwekundu. Hana haya ya kusema, kwani wenzake wawili watatu wamekwisha kupatwa kabla yake. Baba yake akisikia atasema, "Hicho ni kichocho," na kesho yake mtoto atapelekwa kituo cha afya, atapimwa mkojo, atapewa vidonge kwa kadiri ya uzito wake, na mambo yatakwisha.

Dada naye ameingiwa na mdudu yule yule, katika maji yale yale. Lakini damu ya mtoto wa kike ina tafsiri nyingine. Mama atadhani binti amevunja ungo mapema. Atapewa kitambaa na mawaidha, vidonge hatapewa. Miaka itapita. Atakuwa mwanamwali, ataolewa, na ndipo yatakapoanza maumivu ya chini ya kitovu, uchafu usiokoma, na damu kila akutanapo na mumewe. Akijikaza akaenda kutibiwa, swali la kwanza litakuwa juu ya mwenendo wake, au wa mumewe. Ataandikiwa dawa za maradhi ya zinaa, dawa ambazo hazimdhuru mdudu huyo hata chembe. Atarudi nyumbani na maradhi yake, na juu yake ataongezewa shaka. Mimba ikikosekana, ataitwa tasa.

Watoto hawa wawili tumewatunga ili kueleza jambo. Lakini katika hayo yaliyomfika dada, hakuna hatua hata moja ambayo madaktari hawajaiona na kuiandika katika nchi za Afrika zenye kichocho. Maradhi ni mamoja, na dawa ni moja, tena rahisi. Kilichotofautiana ni swali ambalo kila mmoja aliulizwa. Kaka aliulizwa, "Unaogea wapi?" Dada aliulizwa, "Umekuwa na nani?" Makala yetu ya leo inahusu tofauti hiyo ya maswali, kwa sababu ndani yake umo upendeleo ambao utabibu umekuwa nao kwa muda mrefu dhidi ya wanawake, na ambao mara nyingi hautambuliwi hata na wale wanaoutenda kwa nia njema.

MDUDU MMOJA

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kichocho cha visiwa hivi ni kile cha njia ya mkojo. Mdudu wake hukulia ndani ya konokono wadogo wa maji matamu, wale wa mito, vijito, madimbwi na mabonde ya mpunga. Ndiyo maana pwani yetu haina kichocho, wala hakipatikani kwa urahisi katika maeneo ya mawe ya kusini na mashariki ya Unguja, ambako maji hayatuami juu ya ardhi. Akitoka kwa konokono, mdudu huyo huogelea mpaka akutane na ngozi ya binadamu, na katika muda wa dakika chache huwa amekwisha kupenya. Hukua ndani ya mwili, kisha dume na jike huishi pamoja katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, na hapo jike hutaga mayai siku zote za uhai wake, ambao waweza kuwa miaka kadhaa.

Baadhi ya mayai hupenya ukuta wa kibofu na kutoka kwa mkojo, pamoja na ile damu tunayoijua. Mengine hayatoki. Hunasa katika nyama ya mwili na kuleta uvimbe na makovu. Basi na tukumbuke kwamba kwa mwanamke, kibofu na kizazi ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Mishipa inayolisha kimoja inakaribiana na inayolisha kingine. Mayai hunasa katika njia ya uzazi, katika shingo ya kizazi, na hata katika mirija ya uzazi. Daktari akichungua kwa chombo chake huona madoa ya manjano yaliyo kama chembe za mchanga, na vijishipa vya damu vinavyovuja vikiguswa. Matokeo yake ni maumivu, kutokwa na damu, mimba kuharibika au kutunga nje ya kizazi, na kwa wengine ugumba. Shirika la Afya Duniani hutaja makadirio ya wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wenye ugonjwa wa namna hii.

Liko na jingine zito zaidi. Utafiti uliofanywa Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wanawake wenye kichocho katika njia ya uzazi walikuwa na virusi vya ukimwi kwa kiasi cha karibu mara tatu kuliko wenzao wasio nacho. Hilo halistaajabishi, kwani nyama yenye kidonda ni mlango uliowachwa wazi. Mwaka 2019 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia ukimwi, yaani UNAIDS, liliitaka dunia iache kuyapuuza maradhi haya. Kwa hivyo anayedhani kwamba tunazungumza habari ya kero ndogo za kike afikiri tena.

MIAKA 116

Huenda msomaji akauliza: kama ugonjwa huu ni mkubwa kiasi hicho, mbona hatukuusikia? Jibu ni kwamba ulijulikana zamani, ila haukutiliwa maanani. Mdudu wa kichocho aligunduliwa mwaka 1851 mjini Cairo na tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz. Mwaka 1899, katika mji huo huo wa Cairo, tabibu mwingine, Frank Cole Madden, aliandika habari za mwanamke aliyekuwa na kichocho katika njia ya uzazi. Tangu siku hiyo hakukuwa tena na udhuru wa kusema hatukujua.

Lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa kijitabu cha picha cha kuwafundisha madaktari na wakunga namna ya kuyatambua maradhi haya mwaka 2015. Baina ya tarehe hizo mbili ni miaka 116. Katika muda huo vizazi vya wanafunzi wa udaktari na uuguzi vilifundishwa kwamba kichocho ni ugonjwa wa kibofu, wakaonyeshwa picha za kibofu, wakapewa mtihani wa kibofu, na kutumwa kuwatibu watu ambao nusu yao ni wanawake.

Hata kipimo chenyewe kilielekezwa kwenye mkojo peke yake. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta wanawake ambao mkojo wao haukuwa na yai hata moja, ilhali shingo ya kizazi ilikuwa na mayai. Mwanamke wa namna hiyo akipimwa kwa njia ya kawaida ataambiwa hana kichocho. Ataambiwa hivyo kwa karatasi yenye muhuri, na tangu hapo malalamiko yake yatahesabiwa kuwa ni wasiwasi.

Hapa hatumlaumu muuguzi wa kituo cha shamba anayepokea wagonjwa wengi kwa siku na vifaa haba. Yeye anatumia elimu aliyopewa. Tunailaumu elimu iliyompimia maradhi kwa mwili wa mwanamume, kisha ikamwambia kuwa huo ndio mwili wa binadamu.

WALIOSAHAULIWA NA DAWA

Dawa ya kichocho ni praziquantel, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni vidonge vya kumeza mara moja, na kwa watu wengi madhara yake ni machache. Lakini katika miaka mingi ya mwanzo, wanawake wajawazito na wanaonyonyesha walikatazwa kupewa. Hawakukatazwa kwa kuwa dawa ilionekana kuwadhuru. Walikatazwa kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameijaribu kwao, na hakuna aliyeijaribu kwa kuwa walikuwa wamekatazwa. Mpaka mwaka 2002 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kwamba nao watibiwe. Majaribio yaliyofanywa baadaye Uganda na Ufilipino yaliunga mkono pendekezo hilo.

Tuihesabu hasara hiyo kwa maisha ya nyumbani kwetu. Mwanamke wa shamba aliyeolewa akiwa kijana, akazaa watoto sita na kumnyonyesha kila mmoja miaka miwili kama inavyotakiwa, amekuwa mjamzito au mnyonyeshaji kwa zaidi ya miaka kumi na mitano ya ujana wake. Katika miaka yote hiyo, kila gari la dawa lilipofika kijijini, aliambiwa akae pembeni. Naye ndiye aliyekuwa akishuka bondeni kupalilia, ndiye aliyekuwa akifua mtoni, ndiye aliyekuwa akiwaogesha watoto. Aliyekuwa majini kuliko wote ndiye aliyewekwa mbali na dawa kuliko wote, na aliwekwa mbali kwa jina la kumhurumia.

Kisha ulikuja ugawaji wa dawa skulini. Ni mpango mzuri ambao umewaokoa watoto wengi, na hatutaki neno letu lichukuliwe kuwa ni la kuubeza. Lakini mpango unaoishia kwenye lango la skuli humwacha nyuma binti aliyekatishwa masomo, humwacha mama, humwacha bibi. Mwezi Februari mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaotaka jamii zenye kichocho zitibiwe kuanzia mtoto wa miaka miwili hadi mtu mzima, wakiwemo wanawake wajawazito baada ya miezi mitatu ya mwanzo na wanaonyonyesha. Mwongozo huo ni wa haki. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba unafika barazani kwa sheha, kwa maneno ambayo mama mwenye mimba atayaamini. Maana mtu aliyeambiwa miaka ishirini kwamba dawa hii si yake hawezi kugeuka kwa tangazo la siku moja.

SI VISIWANI TU

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya nchi maskini. Mwaka 1977, Marekani, nchi yenye maabara na fedha kupita nyingine zote, ilitoa mwongozo wa kuwazuia wanawake walio katika umri wa kuzaa wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa mpya. Mwongozo huo ulidumu mpaka mwaka 1993. Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya utafiti mashuhuri uliopima kama aspirini huzuia mshituko wa moyo. Waliochunguzwa walikuwa madaktari 22,071, wote wanaume. Ulipofanywa utafiti wa namna hiyo kwa wanawake karibu 40,000 na kutolewa mwaka 2005, ilionekana kwamba kwao dawa hiyo haikupunguza mshituko wa kwanza wa moyo kama ilivyofanya kwa wanaume, bali ilipunguza kiharusi. Kumbe miili miwili ilikuwa na majibu mawili, na kwa miaka 16 jibu la mmoja ndilo lililokuwa mbele ya daktari.

Na hata pale ambapo dawa ipo na inajulikana, bado mwanamke husubiri. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 kutoka hospitali ya mji wa Philadelphia uliwalinganisha wagonjwa waliofika wakiwa na maumivu makali ya tumbo. Wanaume walisubiri dakika 49 kupata dawa ya kutuliza maumivu. Wanawake walisubiri dakika 65. Maumivu ya mwanamke huchukuliwa kuwa sehemu ya uanawake wake. Sisi tunayo maneno yetu ya jambo hilo hilo: "Vumilia, ndivyo wanawake walivyo." Ni mangapi yaliyoachwa kuota mizizi kwa neno hilo moja?

Tukirudi karibu, upande wa pili wa mkondo wa Pemba uko mkoa wa Tanga. Huko, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wanawake waliojifungua hospitalini na vituoni waliulizwa kama walitendewa kwa dharau au ukali. Walipoulizwa wakiwa wanatoka, asilimia 19 walisema ndiyo. Wengine kati yao walipoulizwa tena wiki kadhaa baadaye, wakiwa mbali na macho ya wahudumu, waliosema ndiyo walifika asilimia 28. Tofauti ya hesabu hizo mbili ina somo kubwa kwa kila kiongozi anayezuru hospitali na kuuliza hadharani kama huduma ni nzuri. Mwanamke aliye mlangoni pa hospitali hulisema lile litakalomfikisha nyumbani salama. Ukweli wake hubaki kifuani mpaka apate mahali pa kuuweka.

Wazee walisema kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo ni ya kweli, nayo hutumika kila siku kumlaumu mwanamke aliyechelewa kutafuta tiba. Lakini haki inatutaka tuuliza pia: ni nani aliyemfanya afiche? Ukimpokea mgonjwa kwa kumtuhumu, ukamuuliza siri zake mbele ya foleni, ukamwambia avue nguo nyuma ya pazia lisilofika chini, kisha asirudi tena, hakuwa yeye mficha uchi. Wewe ndiye uliyemfundisha kuficha.

DENI LA MIAKA YA THEMANINI

Visiwa vyetu vina sababu ya kujivunia katika vita vya kichocho. Mpango wa kukidhibiti Pemba ulianza mwaka 1986, wakati ambapo zaidi ya nusu ya watoto wa skuli wa kisiwa hicho walikuwa nacho. Baina ya mwaka 2012 na 2017 ilifanywa kazi kubwa zaidi katika shehia 90 za Unguja na Pemba. Dawa zilitolewa mara mbili kwa mwaka, skulini na majumbani. Katika baadhi ya shehia konokono waliuawa kwa dawa mitoni, na katika nyingine watoto na wazee walifundishwa na kushirikishwa kubuni njia zao wenyewe za kuepuka maji machafu. Maambukizo yalishuka sana, ingawa hayakwisha.

Lakini hesabu ya ushindi huo imefanywa hasa kwa mkojo wa watoto wa leo. Iko hesabu nyingine ambayo haijafungwa. Msichana aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1986 amefika sasa katika umri wa miaka hamsini hivi. Ikiwa zaidi ya nusu ya watoto wa wakati wake walikuwa na kichocho, basi katika kila mkusanyiko wa wanawake wa rika lake, kwenye maulidi, shughulini, sokoni, hawakosi wengi ambao walibeba mdudu huyo utotoni. Vidonge humuua mdudu. Kovu lililokwisha kufanyika katika nyama ya kizazi huenda lisiondoke. Utafiti mwingine wa Zimbabwe, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wanawake waliotibiwa kichocho kabla ya kufika umri wa miaka 20 ndio waliosalimika zaidi na madoa yale ya mchanga na kutokwa na damu. Yaani dawa inayotolewa mapema hulinda, na dawa inayochelewa hukuta nyumba imekwisha kubomoka.

Hapa ndipo tulipo na jambo zito la kupima. Kila msichana anayeachwa mwaka huu, kwa sababu damu yake imedhaniwa ni hedhi, au kwa sababu hayupo skulini, tunamwandikia ugonjwa wa mwaka 2040. Na kila mwanamke wa makamo anayeambiwa leo kwamba madoa ya kizazi chake ni zinaa, ilhali ni alama ya mto alioogea akiwa na miaka minane, tunamwadhibu kwa kosa la kuzaliwa shamba.

YANAYOWEZEKANA

Haifai kulaumu bila ya kushauri. Tunayaweka mbele ya wakuu wa Wizara ya Afya, wa mikoa na wilaya, na mbele ya masheha, mambo ambayo kwa maoni yetu hayahitaji majengo mapya wala kungoja wafadhili.

La kwanza ni swali. Kila mwanamke au msichana anayefika kituoni kwa maumivu ya chini ya kitovu, uchafu au damu isiyo ya kawaida, aulizwe alikulia wapi na maji gani aliyatumia, kabla ya kuulizwa amelala na nani. Swali hilo moja likichapwa katika karatasi ya mgonjwa, mhudumu hatalazimika kulikumbuka, karatasi itamkumbusha. Halina gharama, nalo humwondolea mgonjwa aibu tangu mlangoni.

La pili ni mafunzo. Vyuo vyetu vya afya viwafundishe wauguzi, wakunga na madaktari kichocho cha njia ya uzazi kwa picha na kwa mtihani. Na kwa kuwa wanawake wamekwisha kuanza kuitwa kwa uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi, mhudumu anayetazama saratani atazame na kichocho papo hapo. Macho ni yale yale, kitanda ni kile kile, na mgonjwa amekwisha kushinda haya ya kufika. Tena ni lazima ayajue yote mawili, kwani moja huweza kudhaniwa kuwa ni jingine.

La tatu ni dawa kumfuata mwanamke alipo. Mgawaji asiishie skulini. Afike majumbani, na bondeni msimu wa kilimo, na kliniki ya wajawazito. Afadhali awe mwanamke wa shehia hiyo hiyo, anayeaminiwa, ambaye mama ataweza kumnong'oneza lile asiloweza kumwambia kijana wa kiume aliyetoka mjini. Na katika hesabu zinazopelekwa wizarani, wanawake waliopata dawa na waliokosa waandikwe safu yao peke yao. Kisichohesabiwa hakisahihishwi.

La nne ni maji. Tukisema tu kwamba watu wasiingie mtoni, tutakuwa tumewapa wanawake amri isiyotekelezeka. Mpunga haupaliliwi ukiwa barazani, na nguo hazifuliwi kwa hotuba. Panapokosekana maji ya mfereji, pajengwe basi majukwaa ya kufulia kando ya mto, ili mama afue bila ya kuzama magotini. Fikra hiyo imekwisha kujaribiwa hapa hapa kwetu, na wananchi walijenga kwa mikono yao.

La tano ni faragha. Mlango unaofungika, pazia linalofika chini, na sauti ya mhudumu isiyosikika nje. Mambo haya huonekana madogo kwa anayepanga bajeti, lakini kwa mgonjwa ndiyo yanayoamua kama atarudi.

Neno letu la mwisho ni kwa majumbani. Mama akiona damu kwenye nguo ya binti wa miaka minane au tisa, asifanye haraka kudhani ni ungo, ampeleke apimwe. Mume ambaye mkewe ametibiwa maradhi ya zinaa mara mbili na tatu bila ya kupona, kabla ya kuruhusu shaka iingie chumbani, aulize kama mkewe amewahi kupimwa kichocho cha kizazi. Huenda talaka nyingi zimetolewa kwa dhambi ya konokono. Na makungwi, ambao ndio wenye sikio la wanawali, waingize habari hii katika mafunzo yao.

Mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza kwamba matibabu ni bure kwa kila mwananchi, haikuweka sharti kwamba mwananchi huyo awe mwanamume. Tangazo lile lilikuwa ahadi kwa kaka na dada kwa pamoja. Kaka tumemtimizia. Dada bado yuko kwenye benchi la kituo, ameinamisha kichwa, anangojea kuulizwa lile swali ambalo ndugu yake aliulizwa tangu siku ya kwanza: "Mwanangu, unaogea wapi?"